Msaada wa Mtandaoni na Wajibu wa Mwalimu

Asubuhi moja ya mwezi Juni, katika shule moja ya msingi iliyoko Nyanda za Juu Kusini, tulikuwa tumeketi nyuma ya Darasa la Tano tukimkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Baridi ilikuwa kali. Wanafunzi walikuwa wamejikunyata ndani ya masweta yao, na wengine walikuwa wakipuliza viganja ili waweze kushika kalamu. Mwanachuo alibandika ubaoni mchoro mzuri, alioutengeneza kwa kalamu za rangi juu ya karatasi ya manila, akaanza kueleza majira ya mwaka. Majira, alisema, ni manne. Kiangazi, ambacho ndicho kipindi cha joto, huanza mwezi Juni. Na majira ya baridi huanza mwezi Desemba.

Mtoto mmoja wa kike aliyeketi karibu na dirisha alinyosha mkono. "Mwalimu," aliuliza kwa adabu, "kama sasa ni kiangazi, mbona tunatetemeka?"

Darasa halikucheka. Wote walimtazama mwalimu wao wakingoja jibu, kwa maana swali lilikuwa la haki. Mwanachuo aliutazama mchoro wake, kisha akatutazama sisi. Baadaye akasema, "Swali lako ni zuri. Tutalijibu kesho," akaendelea na somo kwa sauti iliyopungua nguvu.

Fomu ya tathmini ilikuwa mapajani mwetu, na penye sehemu ya umahiri katika somo tulikuwa tumekwisha kuandika alama ya chini. Ndipo tulipofunua andalio la somo na kuiona sahihi yetu. Siku tatu kabla, mwanachuo huyo alituletea andalio hilo. Alitueleza waziwazi kwamba ameyapata mambo hayo katika tovuti ya walimu wa nchi za mbali, na tovuti yenyewe sisi ndio tuliowaandikia ubaoni pale chuoni. Tuliona malengo yamekaa sawa, hatua zimepangwa vema, zana zimetajwa na zoezi la tathmini limo. Tukamsifu kwa bidii yake, tukatia sahihi. Tulilikagua umbo la andalio; ukweli wake hatukuukagua.

Alasiri ile tuliketi pamoja naye na mwalimu wa darasa, mama aliyefundisha katika wilaya hiyo kwa miaka mingi. Tulikiri kosa letu mbele ya wote wawili. Mama yule hakutulaumu. Alichukua karatasi akaandika miezi kumi na miwili, na mbele ya kila mwezi akaandika kazi ya shamba: lini watu hupanda, lini hupalilia, lini huvuna. Ikadhihirika kwamba hata kama tungefuata maelezo ya pwani, ambako kuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, tungekosea tena. Kule kwao mvua ni msimu mmoja, wa kuanzia Novemba hadi Aprili, na baridi kali huja mwezi Juni na Julai.

Kesho yake mwanachuo alifundisha upya. Aliwataka wanafunzi waitaje miezi na kazi zake, naye akajaza jedwali ubaoni. Kisha aliwaeleza kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.5, na kwa sababu hiyo upande wa kaskazini unapoelekea jua, upande wa kusini, ambamo nchi yetu yote imo, huwa umeinamia mbali. Mchoro wa jana hakuutupa. Aliupa kichwa kipya, "Majira katika nchi za kaskazini", akaubandika kando ya jedwali ili wanafunzi walinganishe. Tuliifuta alama ya kwanza na kulitathmini somo la pili.

Ndugu wanachuo, hatusimulii kisa hiki ili kuwatisha msiutumie mtandao. La hasha! Mwalimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi leo ana msaada ambao waliotutangulia hawakuuota. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo viligawiwa kwa walimu. Katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania mwalimu aweza kusoma vitabu vya kiada bila malipo. Mpango wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 chini ya uratibu wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, umeandaa maarifa ya ufundishaji kwa ajili ya walimu wa Afrika, nayo yapo pia kwa Kiswahili. Ndani yake mna shughuli za kufanya darasani pamoja na visa vya walimu, na mwalimu anaruhusiwa kuyarekebisha yafae mahali pake.

Kwa usomaji, African Storybook, iliyoanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi fupi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Kwa hisabati na sayansi, kuna katuni za Ubongo Kids zinazotengenezwa Dar es Salaam, ambazo huonyeshwa kwa Kiswahili tangu mwaka 2014. Kuna pia majaribio ya kuigiza ya PhET, yaliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Humo mwanafunzi aweza kuunganisha betri na taa, au kugawanya kitu kizima katika sehemu na kujifunza visehemu. Na penye shida ya mtandao, programu ya Kolibri ya shirika la Learning Equality huwekwa katika kompyuta moja, kisha masomo yake yakasomwa na vifaa vingine bila intaneti.

Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hamponyi mwenyeji asiyejua ugonjwa wake. Kwa hiyo, kabla ya kukiingiza darasani kitu chochote ulichokipata mtandaoni, jiulize maswali matatu. Je, jambo hili ni kweli hapa nilipo? Je, linaoana na muhtasari wa somo na umri wa wanafunzi wangu? Je, umeme ukikatika au kifurushi kikiisha, somo litaweza kuendelea? Jibu la swali la kwanza aghalabu halimo mtandaoni. Limo kwa wazazi, kwa walimu wenyeji, na kwa watoto wenyewe.

Ndiyo maana twasisitiza kwamba msaada wa mbali hauna budi kujadiliwa na walio karibu. Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa njia ya redio. Hata hivyo redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vitabu vilivyoandaliwa, wakajadili kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Leo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inawataka walimu wakutane shuleni mwao wajifunze wao kwa wao. Vipo pia vituo vya walimu. Mkutano wa namna hiyo ndio mahali pa kuleta ulichokipakua, mkakijaribu pamoja, mkakikosoa na kukirekebisha kabla hakijamfikia mtoto. Mwalimu mgeni shuleni asione haya kuuliza. Mama yule alitatua kwa karatasi moja jambo ambalo sisi, wakufunzi, tulilipitisha kwa sahihi.

Nasi tumebadili desturi yetu. Mwanachuo anapotuletea andalio lenye mambo ya mtandaoni, hatutii sahihi mpaka atueleze amemwuliza nani katika kijiji au mtaa atakaofundishia, na ameambiwa nini. Wengine hutuona wasumbufu. Tunawaomba wavumilie, kwa kuwa darasani yupo mtoto aliyevaa sweta, naye anajua hali ya hewa ya kwao.