Nyumba inayosubiri tingatinga

ALIYEJENGA kando ya barabara anaijua hofu ya kuamka asubuhi na kukuta ukuta wake umechorwa alama ya X. Kwa familia za El Sereno, South Pasadena na Pasadena, katika Kaunti ya Los Angeles nchini Marekani, hofu hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne.

Chanzo kilikuwa kipande cha kilomita 7 hivi. Barabara kuu ya 710, inayotoka upande wa bandari ya Long Beach, iliishia Alhambra, na jimbo la California lilitaka ifike Pasadena. Ili kupisha ujenzi, jimbo lilinunua nyumba zaidi ya 400. Wapinzani wa mradi wakaenda mahakamani, na mwaka 1973 ukazuiwa. Nyumba zikabaki mikononi mwa jimbo, nyingi zikapangishwa.

Hebu mfikirie mama aliyepanga katika mojawapo. Paa linavuja. Alitengeneze kwa fedha zake, ilhali nyumba yenyewe inasubiri kubomolewa? Mwanawe anataka kupanda mlimau uani. Amwambie nini? Baba watoto anasema wahame, mama anauliza wahamie wapi kwa kodi ileile. Ugomvi wa namna hiyo hauonekani kwenye ramani ya wahandisi, lakini wenye familia wanaujua.

Waliotaka barabara ijengwe nao walikuwa na hoja. Magari yaliyofika mwisho wake Alhambra yalimwagika kwenye mitaa wanamoishi watu, na watoto wa huko pia wana mapafu.

Kuhusu mapafu hayo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California waliwafuatilia watoto zaidi ya 3,600 wa eneo hilo la jimbo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa mapafu ya walioishi ndani ya mita 500 kutoka barabara kuu hayakukua sawasawa na ya walioishi umbali wa mita 1,500 au zaidi. Kinachopungua utotoni ni vigumu kukifidia ukubwani. Kwa mzazi, hiyo si hoja ya foleni tena.

Baadaye likaja wazo la kupitisha barabara kwenye handaki. Mwaka 2017, bodi ya usafiri ya kaunti iliamua fedha zitumike kuboresha mitaa iliyopo, na mwaka 2019 gavana Gavin Newsom alisaini sheria iliyouzika mradi.

Je, familia zilishinda? Barabara haikupita. Lakini Machi 2020, watu walipoambiwa wajifungie ndani kwa sababu ya korona, familia zisizo na makazi ziliingia katika nyumba za jimbo pale El Sereno. Zilikuwa zimenusurika tingatinga, kisha zikakaa tupu.

Ndiyo maana mradi unapotangazwa mtaani, swali la kwanza ni barabara itapita wapi, na la pili ni familia zitaishi vipi wakati wakubwa wanavutana. Mlimau huanza kuzaa baada ya miaka michache tu. Mtoto yule angeruhusiwa kuupanda mwaka ule wa kesi, leo wanawe wangekuwa wanachuma.