Walitaka Kujua Watamshika Nani

Barua niliyowaandikia akina mama wa chama kimoja hapa Mombasa mwaka 2021 haina sentensi ya uongo. Nimeisoma tena na tena nikitafuta neno la kulisingizia, sikulipata. Nilichosema juu ya sarafu za kidijitali na sheria ya Kenya kilikuwa kweli siku ile. Na kwa sababu ya barua hiyo, wanawake walioniamini waliitoa akiba yao benki wakaipeleka kwenye jukwaa la sarafu hizo, na haikurudi. Kosa ni langu. Naliandika hapa kwa sababu bado nawasikia mawakili wenzangu na wahasibu wakilirudia kwa maneno yale yale.

Chama chenyewe ni cha wafanyabiashara wa sokoni: wauza mboga, nazi, mitumba, viatu vya shule. Walikuwa wakichanga ili wanunue kiwanja. Mwaka ule Bitcoin ilipanda mpaka ikapita dola 60,000, na kila kijana mwenye simu alikuwa na habari ya mtu aliyetajirika. Mtoto wa mwanachama mmoja ndiye aliyewaletea habari za jukwaa hilo: unanunua sarafu, unaziacha humo, na kila mwezi unaongezewa faida. Hawakukurupuka. Hilo nalisisitiza, maana watu wakisikia mkasa wa namna hii husema waliolizwa walikuwa na tamaa. Hawa walifanya lile tunalowahimiza wananchi walifanye siku zote: walikwenda kwa wakili kwanza, wakalipa ada, wakauliza.

Mwenyekiti wao ni mama wa rika la mama yangu mzazi. Alinisikiliza nikieleza kwa kirefu habari za blokcheni, akaniacha nimalize, kisha akasema: "Mwanangu, hayo ya mitambo mimi sitayajua. Niambie hili moja. Hizi pesa zikipotea, tutamshika nani?"

Sikulijibu swali lake. Nililijibu swali jingine, lile tulilofundishwa kulijibu chuoni: je, jambo hili limekatazwa? Kanuni ni kwamba raia ana ruhusa ya kufanya lolote ambalo sheria haijamkataza. Nikaandika: "Kwa sasa hakuna sheria nchini Kenya inayokataza umiliki wala ununuzi wa sarafu za kidijitali." Nikapiga muhuri. Barua ilisomwa kwenye kikao chao, na pesa zikatumwa.

Ushahidi wa kunikosoa ulikuwa mezani kwangu wakati naandika. Benki Kuu ya Kenya ilitoa tangazo kwa umma Desemba 2015 kuhusu sarafu za aina ya Bitcoin. Tangazo lile lilikuwa na mambo mawili mazito. La kwanza, kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. La pili, kwamba jukwaa linalozishika likianguka au likifunga biashara, mteja anaweza kupoteza pesa zake na asiwe na njia ya kisheria ya kuzidai. La kwanza nililitaja katika barua. La pili ndilo hasa lililokuwa jibu la swali la mama, na nililiacha. Nililiona ni vitisho vya wenye mabenki wanaoogopa kushindana na kitu kipya. Tena nilitaka kuonekana wakili wa kisasa, asiyebaki nyuma na mambo ya teknolojia. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Kulikuwa na kesi pia. Mwaka 2015 kampuni ya BitPesa na mshirika wake Lipisha walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi baada ya Safaricom kuwakatia huduma ya M-Pesa. Hoja iliyowakabili ilikuwa kwamba walikuwa wakisafirisha pesa za watu bila idhini ya Benki Kuu, na mahakama ikakataa kutoa amri ya muda ya kuwarudishia huduma. Mwaka 2019 ikaja kesi ya KeniCoin, sarafu iliyokuwa ikiuzwa kwa umma hapahapa nchini. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliwaonya wananchi, mwenye sarafu akaenda mahakamani kuizuia, na mahakama haikumpa zuio alilolitaka.

Mtu akizisoma kesi hizo mbili kwa utulivu ataliona jambo ambalo mimi nilipaswa kuliona kwa haraka kuliko mtu wa kawaida. Kutokuwapo kwa sheria ya sarafu za kidijitali hakukuwa na maana kwamba biashara hiyo inaelea hewani. Sheria za kutuma pesa zilikuwapo. Sheria za masoko ya mitaji zilikuwapo. Za kuzuia utakatishaji wa fedha zilikuwapo. Sarafu yenyewe haikukatazwa, lakini shughuli ya kupokea mali za watu, kuzichanganya pamoja na kuwaahidi faida inayotokana na kazi ya mtu mwingine ni uwekezaji wa pamoja, na uwekezaji wa namna hiyo unaotangazwa kwa umma unahitaji kibali. Akina mama hawakuniuliza kama wanaweza kumiliki Bitcoin. Waliniuliza kama wanaweza kumkabidhi mtu fulani pesa zao. Kama ningemwangalia huyo mtu badala ya kuiangalia sarafu, ningeona kwamba hana kibali chochote.

Nilimwangalia kidogo, nikaridhika upesi. Niliomba cheti cha usajili wa kampuni, nikaletewa, nikahakiki kwamba ni cha kweli. Kampuni ilikuwa imesajiliwa nchini kwa shughuli za ushauri wa teknolojia. Nikawaambia chama: imesajiliwa. Hapa ndipo ninapojilaumu zaidi kuliko popote, kwa sababu neno hilo huwatuliza watu wetu mno. Yeyote mwenye kitambulisho na ada kidogo anaweza kusajili kampuni. Cheti kinathibitisha kwamba jina hilo lipo kwenye daftari la serikali, basi. Hakuna ofisa aliyekagua mtaji wake, wala aliyeuliza pesa za wateja zinakaa wapi. Leseni ni jambo tofauti kabisa, na tofauti hiyo naijua tangu nikiwa mwanafunzi. Nilinyamaza wakashangilia.

Halafu kuna masharti ya matumizi, ile karatasi ndefu ya Kiingereza ambayo kila mtu huikubali kwa kubonyeza kitufe. Mimi nililipwa niisome. Niliisoma kurasa za mwanzo, nikapitisha macho zilizobaki. Mkataba haukuwa na kampuni ile ya Kenya. Ulikuwa na kampuni nyingine, iliyosajiliwa ng'ambo, na mgogoro wowote ungeamuliwa na wasuluhishi hukohuko. Na ndani kabisa kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba mteja anayeweka sarafu kwenye akaunti ya faida anahamisha umiliki wake kwa kampuni.

Kifungu cha aina hiyo ndicho kilichowaangamiza wateja wa Celsius, kampuni iliyofilisika Marekani mwaka 2022. Januari 2023, Jaji Martin Glenn wa mahakama ya ufilisi ya New York aliamua kwamba sarafu zilizowekwa kwenye akaunti za faida, zenye thamani ya dola bilioni 4.2 hivi, zilikuwa mali ya kampuni, kwa sababu masharti waliyoyakubali wateja yalisema hivyo. Wenye sarafu wakageuka wadai wasio na dhamana, wakapanga foleni pamoja na wadai wengine. New Zealand ilikuwa kinyume chake. Soko la Cryptopia liliibiwa na wadukuzi mwaka 2019 likaingia mikononi mwa wafilisi, na Aprili 2020 Jaji Gendall aliamua kwamba sarafu zilizobaki zilishikwa kwa amana kwa niaba ya wenye akaunti. Zilikuwa zao, na wadai wengine wa kampuni hawakuweza kuzigusa. Masharti ya jukwaa yalipimwa katika kesi zote mbili, na maneno yake yakaleta matokeo yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Uamuzi wa Cryptopia ulikuwa umeshatoka nilipoandika barua yangu. Ningeweza kuupata.

Katikati ya mwaka 2022 jukwaa likasimamisha utoaji wa pesa. Mwanzo walisema ni matengenezo ya mitambo. Baadaye simu za mawakala zikawa hazipatikani.

Akina mama walikuja ofisini, na mimi nikajaribu kutumia kile nilichowasifia: blokcheni. Nilikuwa nimewaambia kwamba kila muamala unaandikwa kwenye daftari la wazi ambalo hakuna awezaye kulifuta, kwa hiyo pesa haziwezi kuyeyuka. Yule mtoto wa mwanachama aliyewaletea habari za jukwaa alikuwa amewanunulia sarafu kwa dalali, akaziweka kwanza kwenye pochi iliyo katika simu yake, ndipo akazihamishia kwenye jukwaa. Uhamisho huo ulikuwa na namba yake. Tukaifungua kwenye kompyuta yangu. Ilikuwapo: tarehe, saa, kiasi, na ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa anwani. Tukaziona sarafu zikiingia kwenye anwani ya jukwaa, zikichanganyika na za watu wengine, kisha zikiondoka kwenda anwani nyingine, na nyingine tena. Mwenyekiti alisogeza kiti akaegemeza viwiko mezani kufuata kidole changu kwenye kioo. Aliuliza kila anwani ni ya nani. Sikujua hata moja, kwa sababu anwani haiandikwi jina.

Na ile faida ya kila mwezi waliyokuwa wakiiona kwenye simu haikuwapo popote kwenye blokcheni. Ikanibidi niwaeleze wakati huo kile nilichopaswa kuwaeleza mwanzo: sarafu zako zikishaingia kwenye jukwaa, mengi yanayotokea huko hayaandikwi kwenye lile daftari la wazi. Yanaandikwa kwenye vitabu vya jukwaa lenyewe. Ufunguo wa siri wa kuzihamisha sarafu wanao wao. Wewe unaoneshwa tarakimu tu. Mmoja wa wale kina mama alikuwa akiandika salio lake kwa kalamu kwenye daftari la mauzo ya nazi kila mwisho wa mwezi, na alikuja nalo siku hiyo akidhani litasaidia mahakamani.

Tulizunguka kwenye ofisi. Moja ilisema kampuni ile haiko katika orodha ya kampuni inazozisimamia. Nyingine ilitukumbusha kwamba wananchi walikwisha kuonywa. Taarifa ya polisi iliandikwa. Nilipoandika barua ile, benki walikotoa akiba yao ilikuwa chini ya Shirika la Bima ya Amana, ambalo benki ikifa humlipa mwenye akaunti hadi shilingi 500,000. Niliwaondoa kwenye kinga hiyo nikawapeleka pasipo na yoyote, na sikuutaja ulinzi huo hata kwa mstari mmoja wa barua.

Serikali nayo haikujiharakisha kwa lililo muhimu. Kodi ya asilimia 3 juu ya uhamishaji wa mali za kidijitali ilianza Septemba 2023, kabla hakijatungwa kifungu kimoja cha kumlinda mwenye mali hizo. Kodi hiyo iliwapotosha wengi, maana mtu akiona serikali inatoza hudhani serikali inasimamia. Mwaka 2025 ilifutwa, mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada wanazotoza watoa huduma. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, na usimamizi wa sekta hii ukawa miongoni mwa mambo tuliyotakiwa kuyarekebisha. Oktoba 2025 Rais alitia saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali. Sasa kazi hii inahitaji leseni, wasimamizi ni Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na mali ya wateja inapaswa kutengwa na ya kampuni. Ni hatua njema, nami naiunga mkono kwa dhati. Kwa chama kile imekuja imechelewa.

Niliwaomba radhi kwenye kikao chao, wote wakiwapo. Nilirudisha ada. Wengine wamenisamehe na wengine hawajanisamehe, na hao wa pili wana haki kamili. Lililoniuma zaidi nililisikia baadaye: mawakala wa jukwaa walikuwa wameipiga picha barua yangu, wakawa wanaituma WhatsApp kwa vyama vingine kama ushahidi kwamba wakili ameidhinisha. Nimeifuta kwa maandishi. Ukitumiwa nakala yake, usiitegemee kwa lolote.

Na kama pesa zako, au za chama chako, zipo leo kwenye jukwaa lolote la namna hii, fungua masharti utafute kifungu kinachosema sarafu zikiwa humo ni mali ya nani. Usipokielewa, mpelekee mtu anayekielewa, na usikubali akujibu kwa kukuambia kwamba kampuni imesajiliwa. Kisha waulize Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kama anayezishika ana leseni. Waulize kwa jina kamili lililoandikwa kwenye mkataba. Jina la programu iliyo kwenye simu yako halitoshi. Usipopata jibu la maandishi, toa pesa zako.