Grogan: Mtaa Unaojua Siri ya Difu

MKAZI wa Nairobi mwenye gari huenda akaishi miaka mingi bila kuingia katika Jumba la Makavazi ya Taifa, lakini Grogan lazima atafika. Asipopelekwa na taa iliyovunjika, atapelekwa na breki. Na asipopelekwa na breki, atapelekwa na mvumo asioufahamu, unaotoka chini ya kiti cha nyuma kila gari linapokaza mwendo.

Jina rasmi la barabara hii ni Kirinyaga Road. Inaanzia karibu na mzunguko wa Globe na kupita sambamba na River Road. Upande mmoja yamepangana maduka ya vipuri. Upande wa pili ardhi inateremka hadi Mto Nairobi, na ng'ambo ya mto ni Ngara. Jina la Grogan ni la mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, aliyesifika kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa yake kwa miguu, ambayo aliimaliza mwaka wa 1900. Huyo huyo, mwaka wa 1907, aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Baada ya uhuru jina lake liliondolewa kwenye kibao, lakini halikuondoka vinywani mwa watu. Ajabu ni kwamba jina la mtu aliyesifiwa kwa kutembea kwa miguu sasa ni jina la mtaa wa magurudumu.

Ukifika, jiandae kuitwa. "Mzee, kioo? Mama, bampa? Taa ya Probox?" Vijana watakufuata hadi mlangoni mwa duka. Sauti za nyundo hazikomi, na mbele ya maduka utaona difu nzima nzima, zilizotumika Japani, zimepangwa kama vyungu vya kuuza. Wengi huzipita bila kuzitazama. Lakini vuta subira, msomaji, kwani vyuma hivi vina mengi ya kutufunza.

Difu ni nini hasa? Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, ikafuata propela hadi nyuma. Huko, gia ndogo iitwayo pinioni huizungusha gia kubwa ambayo mafundi huiita kraunwili, na nguvu ikageuzwa kuelekea magurudumu ya pande zote mbili. Katikati yake kuna gia nyingine ndogo zinazoliruhusu gurudumu moja kukimbia kuliko jingine.

Kwa nini lirukusiwe? Mwanafunzi wa hesabu na achukue kalamu. Gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana kwa mita moja na nusu, likizunguka mzunguko wa Globe mara moja kamili, gurudumu la nje litakuwa limesafiri takriban mita 9 zaidi ya la ndani. Bila difu, tairi moja lingeburutwa kila kona. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, alibuni mtambo wa aina hii kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820, kabla injini ya petroli haijazaliwa.

Sasa, meno ya pinioni na kraunwili hayagusani tu. Yanakandamizana na kusuguana kwa nguvu nyingi, hasa gari likiwa limepakia jamaa nzima, viazi na kuku, likipanda kutoka Mai Mahiu. Kinachoyatenga meno hayo ni utando mwembamba wa oili. Ndiyo maana difu ina oili yake, nzito, yenye dawa za salfa na harufu kali ambayo haiishi mikononi upesi. Oili ya injini haiwezi kushika nafasi yake. Kwenye mkebe utaona alama GL-5, na mara nyingi namba 80W-90 au 75W-90. Lakini mwamuzi ni kitabu cha gari, si muuzaji.

Mwandishi alimsikiliza fundi mmoja wa makamo akizungumza na mama mwenye Subaru.

"Fundi, si oili ilibadilishwa mwezi jana?"

"Hiyo ilikuwa ya injini, mama. Difu hazijaguswa. Na gari lako lina mbili, ya mbele na ya nyuma."

Fundi alisema kweli. Magari madogo mengi ya siku hizi, kama Vitz, huvutwa na magurudumu ya mbele, na difu yao imo ndani ya giaboksi. Aghalabu hutumia oili moja nayo. Magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama matatu za Hiace na Peugeot 504 za zamani, yana difu nyuma. Yale yanayoendeshwa na magurudumu yote manne yana difu mbele na nyuma. Subaru nyingi za zamani zenye giaboksi ya kujiendesha zina mtego zaidi: difu ya mbele ina oili yake na kijiti chake cha kupimia, ingawa imeungana na giaboksi. Fundi asiyejua akifungua nati isiyofaa, humwaga oili ya difu akidhani ni ya giaboksi, na gari likaondoka likiwa na difu kavu.

Kazi yenyewe si ngumu. Gari huendeshwa kidogo ili oili ipate joto, kisha husimamishwa mahali tambarare. Likiinuliwa, litue juu ya stendi imara, wala asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Halafu inakuja kanuni ambayo fundi mzuri haivunji: hufungua kwanza nati ya juu, ya kujazia, kabla ya ile ya chini, ya kumwagia. Sababu ni rahisi. Ukimwaga oili yote kisha nati ya juu ikakataa kufunguka kwa kutu, utabaki na gari lisiloweza kwenda popote.

Oili chafu ikishuka kwenye karai, itazame. Ikiwa nyeusi, imezeeka tu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Waliovuka mafuriko ya Nairobi ya Aprili na Mei 2024 walikuwa na sababu ya kukagua hilo. Nati nyingi za chini zina sumaku. Unga laini wa chuma juu yake ni kawaida, lakini ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, jino limevunjika au beringi imekufa. Washa mpya hutiwa, nati ya chini hufungwa, na oili mpya husukumwa kwa bomba hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu. Difu ya nyuma ya Subaru nyingi hutosheka na chini ya lita moja! Mafundi wengi huishika kilomita 40,000 au 50,000 kuwa muda wa kubadilisha, na mapema zaidi kwa gari la mizigo au la barabara za matope. Anayeona gharama ya lita moja kuwa kubwa na aulize bei ya difu zile zilizopangwa nje ya maduka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hata hivyo, kazi haijaisha. Lipo karai la oili chafu, na mita chache kutoka hapa upo mto.

Mto Nairobi hauishii nyuma ya Grogan. Hupita Gikomba na Dandora, na huko chini wapo wakulima wanaonyunyizia sukumawiki kwa maji yake, mboga ambazo hurudi mezani petu. Kisha huungana na Mto Athi, ukaporomoka Fourteen Falls, ukabadili jina kuwa Galana, halafu Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi. Oili iliyotupwa kwenye mtaro wa Nairobi imeanza safari ya kwenda pwani.

Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inakataza kutupa taka za aina hiyo mtoni, lakini askari hawezi kusimama kando ya kila karai. Mwenye gari ndiye aliyesimama hapo. Ni juu yake kuuliza bei ya kazi, na akishaijua, aulize pia oili ya zamani inakwenda wapi. Gereji inayojali itakuonyesha pipa lenye kifuniko, linalongojea wakusanyaji wenye leseni. Isiyo na pipa haistahili pesa zako, hata ikiwa rahisi kuliko zote. Wenye magari wakifanya hivyo kila wiki, mapipa yataongezeka Grogan, kwa maana soko lile halikosi kuuza kile mnunuzi anachokidai.