Nakshi Haibebi Dari

Nilizaliwa Mikindani mwaka 1938, katika nyumba ya mawe iliyokuwa imekwisha kupoteza ghorofa yake ya juu lakini haijapoteza mlango wake, na kwa kuwa desturi yetu ya kusini humpa mjomba neno kubwa katika malezi ya mtoto, nilipohitimu chuo cha Kurani ndugu wa mama yangu ndiye aliyekata shauri kwamba nitakuwa seremala kama yeye. Sikuulizwa, wala sikudhani kwamba mtoto huulizwa. Fahari ya mji wetu ilikuwa imekwisha kupita. Jahazi zilikuja kwa uchache, Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikuwa likitazama ghuba kutoka mahali pake, na wazee walikuwa bado wakionyesha pwani walikoambiwa na wazazi wao kuwa Dakta Livingstone alipita mwaka 1866, alipoingia bara katika safari ambayo hakurudi.

Karakana ya mjomba ilikuwa baraza ya nyumba yake, na humo ilitoka milango ya wenye uwezo pamoja na vitu vya kila mtu: vitanda vya kamba, vinu na michi, mbuzi za kukunia nazi, miiko, marfaa za kusomea msahafu, mipini ya majembe. Mlango wa pwani una miimo miwili, vizingiti viwili, mbao mbili, na mfaa usimamao katikati kuficha ufa pale mbao zikutanapo. Miimo ndiyo yenye kazi ya kubeba. "Nakshi haibebi dari," mjomba alikuwa akisema kila mteja alipolalamikia bei, kisha akamwuliza kwa upole kama angependa iondolewe apate kupunguziwa. Na katika miaka yote niliyokaa naye sikumwona hata mmoja aliyekubali. Wala nakshi haikuwa ya tajiri peke yake. Mlango wa mfanyabiashara ulipata mnyororo, yungiyungi na mawimbi, nao mwiko wa mjane ulipata mistari mitatu ya ncha ya kisu karibu na shikio, na mistari hiyo haikutozwa.

Kitu kimoja tu kilitoka mikononi mwake kikiwa kitupu, nacho ni mbao za mwanandani, alizozipasua bila ujira kila alipoletewa habari ya msiba, iwe usiku au mchana. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Mpwa wangu, kule hakuna atakayezitazama." Jibu lile lilinitosha kwa muda mrefu, ingawa ushahidi wa kulipinga ulikuwa ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mama yangu aliishi kwa kusuka mikeka ya ukindu; alizitia chane rangi, akazianika, akasuka ukili usiku kwa mwanga wa kibatari, kisha akaunga ukili kwa ukili kwa sindano. Nilimwona akifumua ukili wa urefu wa chumba kizima kwa sababu nakshi ilikuwa imeruka mahali pamoja, ilhali mkeka wenyewe ulikuwa wa kutandikwa chini ya godoro la mtu, ambapo jicho la binadamu halifiki ila siku ya kufagia. Nilimwambia kwamba hakuna atakayejua. Akasema, bila kuinua uso, kwamba yeye anajua. Nimeyaweka majibu hayo mawili mbele yangu maisha yangu yote ya kazi, la mjomba na la dada yake, na aghalabu nimelielemea la mama.

Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na kwa ajili ya karanga hizo, ambazo hazikupata kuota kwa kadiri iliyotumainiwa, Mtwara ikapata bandari ya kina kirefu, mji mpya wenye barabara pana ukapimwa, na reli ikalazwa kuelekea Nachingwea. Mpango ulivunjwa mwaka 1951. Bandari ikabaki, nami nikaingia katika karakana yake nikiwa kijana ambaye ndevu zake hazijatimia. Tulipigilia makasha, tukaunda viunzi vya kumiminia zege, tukafanya meza za makarani, na yote yalifuata mchoro wenye namba za inchi. Siidharau kazi ile, kwa maana ndiyo iliyonifundisha kwamba upana wa kidole cha mjomba si kipimo. Ila kila fundi alipewa sanduku la zana la rangi ya kijivu, yote sawasawa, na haukupita mwezi kabla ya kila sanduku kupata alama ya mwenyewe: huyu jahazi, yule nyota na mwezi, na Mmakua mmoja kutoka upande wa Masasi akachonga kobe aliyeinua shingo. Msimamizi wetu alidhani ni hofu ya wizi. Hofu ilikuwapo, lakini kwa mwizi herufi mbili za jina zingetosha. Kobe alikuwa ziada, na kwa ziada ile mwenzetu alitoa saa zake za kula.

Reli ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini kazi zilipungua, nikashuka Msimbati, si mbali na pale Ruvuma imiminapo maji yake baharini kati ya mikoko, nikawa msaidizi wa fundi wa vyombo. Huko nakshi ilikuwa na sheria nyingine, kwa sababu katika chombo umbo lenyewe ndilo uzuri, na ubao uliopindwa vibaya juu ya mataruma hauudhi macho tu, bali huingiza maji. Hata hivyo mashua ikishakalafatiwa na kupakwa sifa, fundi wangu hakuruhusu ishuke majini mpaka omo ipate macho yake mawili, duara nyeupe yenye nyota katikati. Nilimfahamu mvuvi aliyesafiri msimu mzima na tanga la viraka vya magunia, naye kila alipopata senti za rangi aliyapaka macho yale upya. Watu walimcheka, mimi pia nilicheka, ila nilimpa brashi yangu.

Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwezi wa Septemba 1964 watu wengi walivuka Ruvuma kuja kwetu, na nilipokwisha kurejea Mtwara mjini nilipata jirani Mmakonde kutoka upande wa Mueda, mtu aliyenizidi umri kidogo hata nikamwita kaka. Alichonga mpingo chini ya mwembe, ameketi chini, gogo amelibana kwa nyayo, tezo ikiondoa ganda jeupe mpaka kiini cheusi kikatokea. Mimi, kwa malezi ya dini yangu, sikupata kuchonga kiumbe chenye roho, naye hakuchoka kunitania kwamba milango yangu ni nyumba ambazo wenyewe wamehama. Kwa wanunuzi wa Dar es Salaam alichonga mashetani, kwa mtindo ambao chanzo chake hutajwa kuwa ni mchongaji Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya hamsini: viumbe vya jicho moja, vya tumbo lililotoboka, vya miguu iliyogeuka kuwa mikono. Kazi zile zilikuwa za ustadi mkubwa, na sioni haya kusema kuwa baadhi yake zilinikosesha usingizi. Lakini mwenyewe aliziita za chai na sukari, na zikishafungwa katika gunia hakuzitaja tena. Kilichokuwa chake ni kibweta cha ugoro, kidogo cha kuenea kiganjani, chenye kifuniko cha kichwa cha mwanamke aliyevaa ndonya, kimelainika kwa kushikwa. Siku moja mnunuzi alikiona akataja bei ambayo ingemnunulia baiskeli. Jirani yangu alikifikiri kwa dhati, akakigeuzageuza, kisha akauliza, "Basi ugoro nitautia wapi?" Mnunuzi alidhani anapandishiwa bei, akaongeza, na mazungumzo yale hayakufika popote, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akisema jambo la haki kwa njia yake.

Nilikumbuka swali lile mwaka 2010, zilipotangazwa habari za kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikaonekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na sasa kimerudishwa nchini. Nilikwenda kumpa habari jirani yangu, ambaye alikuwa bado hai na jicho moja limekwisha kufa. Nilidhani atafurahi kwa ajili ya taifa. Aliuliza tu kama nywele zake zimebaki, kwa sababu lipiko, yaani kinyago cha namna ile, hupachikwa nywele za binadamu, na kinyago kinachovaliwa kichwani katika ngoma, nguo ikimfunika mchezaji na watoto wakikimbia, kikipoteza nywele huwa kimepoteza nusu ya uhai wake. Sikuweza kumjibu.

Nimeruka mbele, nirudi nyuma kidogo. Serikali ilipotia nguvu elimu ya msingi kwa watoto wote mwaka 1977 madarasa yalijaa, na mimi nikapata kazi ya kufanya madawati ya shule moja, matupu kama mchoro ulivyoagiza. Baada ya muda mwalimu mkuu aliniita kwa hasira niyatengeneze, kwa kuwa watoto walikuwa wameyachonga kwa nyembe na ncha za bikari. Nilipita dawati kwa dawati. Palikuwa na majina, mipira, lori la korosho lenye magunia yaliyohesabika, samaki wengi kupita kiasi, kama itarajiwavyo pwani. Na katika ukingo wa dawati moja palikuwa na mnyororo wa vitanzi vilivyolingana hata nikauliza mtoto yule ni wa nani. Hakuna aliyemtaja, kwa kuwa walidhani nataka achapwe. Niliziba mashimo, nikaondoa vibanzi, nikaliacha lile la mnyororo kama lilivyo, na mwalimu mkuu akakata fedha ya dawati hilo katika hesabu yangu, jambo ambalo kwa mujibu wa mapatano lilikuwa halali.

Sasa sichongi, kidole gumba hakikazi tena juu ya chembeu, na mvule umekuwa ghali. Gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay, kule kule Msimbati, mwaka 1982, ilianza kutupatia umeme mnamo 2006, na umeme ule ukazaa mafundi wa kuchomelea karibu kila mtaa. Mageti ya chuma ya nyumba mpya za Shangani na Chuno yamejaa maua, nyota, mikuki, na jua lichomozalo. Wengi wa hirimu yangu huyabeza yote. Mimi huyabeza mabaya tu, nayo ni mabaya kwa sababu moja: fundi hukunja chuma kabla ya kuigawa duara, petali zikabanana upande mmoja na kuachana upande wa pili.

Mwaka jana kijana wa karakana ya jirani alinijia, akaniamkia, akaeleza kuwa ametazama mlango mmoja wa Mikindani na anataka kulitia yungiyungi lake katika geti la mteja. Nilitoa bikari nikamgawia duara mafungu manane chini sakafuni kwa chaki. Akatazama, akasema, "Babu, nondo hii haikubali mkunjo mdogo namna hiyo, itakatika." Nikabisha, akaiweka nondo katika kibano, akaikunja mbele yangu, nayo ikakatika. Tukagawa upya, mafungu sita, na petali zikawa pana kuliko nilivyopenda. Mwenye geti alipokuja kukagua alizihesabu, akasema kwake Mikindani ni nane, na kama ni sita basi naye alipie sita. Kijana akampigia hesabu ya vijiti vya kuchomelea. Walikuwa bado katika hesabu hiyo muadhini wa alasiri alipoanza, nami nikaondoka.