Harufu Niliyoinyamazia Njiani Kabungu

Njia ya kutoka Mpanda mjini kwenda Kabungu ina harufu zake mwezi wa Agosti. Kuna vumbi, kuna majani makavu ya miyombo, kuna nyasi zilizochomwa. Ndiyo maana ile harufu nyingine ilinipita.

Gari letu ni Land Rover ya mwaka 1974, urithi wa baba mkwe. Lilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, breki ambazo dereva huanza kuzikanyaga mapema na kwa nguvu zote. Miezi michache kabla ya safari, baba watoto aliagiza lifungwe diski magurudumu ya mbele, pamoja na busta ya kuusaidia mguu. Nilifurahi kuliko yeye, maana nyuma ndiko wanakokaa watoto.

Tulikuwa tunakwenda kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Tukiwa katikati ya safari nikasema, "Baba, nasikia harufu kama ya pasi iliyounguza nguo."

"Ni nyasi, mama. Huoni wanachoma?"

Nikanyamaza. Hata hivyo gari lilikuwa zito, kana kwamba linavuta gogo, na hilo nililiona pia.

Kwenye mteremko kabla ya kijiji pedali ikazama hadi sakafuni. Mbele yetu ulikuwepo mkokoteni wa ng'ombe, akina mama wawili wameketi juu ya magunia. Mume wangu alipiga pedali mara nyingi haraka haraka, akashusha gia moja baada ya nyingine huku akipiga honi. Breki ya mkono aliiacha hadi mwisho, akaivuta taratibu. Katika Land Rover hizi za zamani haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi, na ukiivuta ghafla gari likiwa mbioni unaweza kuvunja vyuma. Tulisimama hatua chache nyuma ya mkokoteni. Mtoto wangu mdogo alikuwa bado amelala.

Akina mama wale walishuka, wakatuletea maji. Kijana mmoja akataka kuyamwagia magurudumu ya mbele yaliyokuwa yakifuka moshi, lakini mzee mmoja fundi wa mashine za kusaga akamzuia: diski ya moto ikipata maji baridi inaweza kupasuka. Tukakaa mkekani tukala ugali na migebuka, na mimi nikatetemeka kwa mara ya kwanza.

Baada ya saa moja pedali ikarudi ngumu kama kawaida. Baba watoto akafurahi, akataka tuondoke. Mzee akakataa katakata. Alisema mafuta ya breki yalichemka yakatoa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Yakipoa pedali hurudi, lakini ugonjwa unabaki pale pale.

Akaagiza tuweke mawe kwenye matairi ya nyuma, akapiga jeki mbele. Gurudumu halikuzunguka kwa mkono. Akalegeza nati zinazoshikilia masta silinda kwenye busta, akaivuta mbele kidogo tu. Gurudumu likazunguka! Basi, akasema, diski hazina kosa. Kama lisingezunguka, angelegeza skrubu ya kutolea upepo ili ajue kama mafuta yamezuiwa kwenye bomba. Kosa lilikuwa rodi ya busta. Ilirekebishwa ikawa ndefu mno, ikaisukuma masta muda wote, na ule mlango mdogo wa kurudishia mafuta haukufunguka. Tulitembea safari nzima breki zikiwa zimekanyagwa bila mguu wa mtu.

Aliifupisha rodi ikapata nafasi ndogo. Bodaboda akatumwa Mpanda kuleta mafuta mapya, maana ya zamani hunyonya unyevu na kuchemka mapema, nayo yetu yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Wakatoa upepo mpaka jua likazama. Malipo aliyokubali ni ya mafuta na bodaboda tu.

Kwa mdogo wangu tulifika usiku. Kesho yake, wakati wa kurudi, mume wangu alisimamisha gari mara mbili bila kuombwa. Nilishuka mimi, nikasogeza kiganja karibu na rimu ya kulia, kisha ya kushoto. Zilikuwa na uvuguvugu tu, zote mbili sawa.

"Mama, unasikia harufu yoyote?" aliniuliza.

"Nyasi," nikamjibu.