Njia ya Kisoro na Gari Lililochemka

Mtu atokaye Kampala kwenda Kisoro husafiri yapata kilomita 400 kabla ya kuufikia mji wa Kabale, na katika mwendo huo wote gari lake huweza kuuficha ugonjwa lilio nao. Huvuka Ikweta pale Kayabwe, hupita Masaka, kisha Mbarara penye ng'ombe wa pembe ndefu, ndipo milima huanza kusogeleana. Kutoka Kabale barabara hukata kona baada ya kona kati ya vilima vilivyolimwa kwa matuta mpaka vileleni, mtama huku na viazi huku. Hufika Muko, karibu na Ziwa Bunyonyi, kisha hupanda kuingia msitu wa Echuya wenye mianzi na ukungu. Baada ya msitu ni Kanaba, mahali panapozidi mita 2,300 juu ya bahari. Na hapo msafiri huona ghafla volkano tatu zimesimama mbele yake: Muhavura, Mgahinga na Sabinyo. Zamani njia hii ilikuwa ya vumbi na matope. Siku hizi ni ya lami, nasi madereva huipanda kwa kasi isiyo na adabu.

Nilikuwa likizoni pamoja na mama watoto na wanetu wawili. Hatukwenda kutembea. Mama mkwe, akaaye karibu na mji wa Kisoro, alitakiwa awepo hospitalini Mbarara Jumatatu asubuhi kwa upasuaji wa jicho, na aliyekuwa na gari katika ukoo ni mimi peke yangu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Juu kidogo ya Muko mshale wa joto ulipanda ukagusa alama nyekundu, na mvuke ukafuka chini ya boneti. Nikasimama pembeni, nikazima injini, nikachukua kitambaa ili niufungue mfuniko wa rejeta. Mama watoto akanishika mkono. "Baba Yona," akasema, "nani atatuendesha ukiungua uso?" Alisema kweli. Maji yaliyobanwa ndani ya rejeta yenye moto huruka mara tu mfuniko unapolegea, na wengi wamebaki na makovu kwa haraka ya dakika moja.

Kijana mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya viazi alitwambia kwamba chini, karibu na soko, yuko mzee aliyewahi kuwa fundi wa magari jeshini. Akaenda kumwita. Mzee alikuja na mkoba mdogo, naye hakugusa kitu. Aliketi juu ya jiwe akaanza kuniuliza.

"Afande, linachemka tambarare?"

"Hapana, Mzee. Mlimani tu."

"Chini ya gari umeona maji yakidondoka?"

"Sijaona, ila kila siku mbili naongeza."

Nikamweleza kwamba mafundi wa mjini walikuwa wamekwisha kunibadilishia themostati, kisha pampu ya maji, na fedha yangu ikaenda. Mzee alicheka kidogo, kisha akaubonyeza mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa. Ulikuwa laini. "Injini ya moto namna hii," akasema, "mpira huu ungekuwa mgumu."

Tulingoja zaidi ya nusu saa. Wakati huo aliukandamiza mkanda wa feni kwa kidole gumba, akaona haukulegea. Akachungulia mbele ya rejeta kama matope na wadudu vimeziba njia ya upepo, palikuwa safi. Akachomoa kijiti cha oili: isingekuwa salama kuendelea kama oili ingekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, kwa maana hiyo ni dalili ya gasketi iliyokufa na maji kuingia palipo na oili. Ilikuwa nyeusi ya kawaida.

Mwisho akanionyesha jambo nililolitazama kila asubuhi bila kuliona. Chupa ya akiba ilikuwa imejaa pomoni, na rejeta, alipoifungua imekwisha kupoa, ilikuwa nusu tupu. Maji yalikuwa yakitoka kwenda kwenye chupa, wala hayakurudi. Akaugeuza mfuniko: raba yake imekauka na kupasuka, springi yake imechoka.

Hapo ndipo mlima unapoingia katika habari hii. Maji yaliyo wazi Kampala huchemka kwenye digrii 96 hivi. Kanaba huchemka kwenye 92. Injini hufanya kazi yake kwenye digrii kama 90. Mfuniko mzima huyabana maji hata yasichemke mpaka joto lipite digrii 110, mlimani vilevile. Ukiwa mbovu, mjini dereva huenda asitambue, lakini Echuya hana nafasi ila ya digrii mbili tatu.

Mzee alitoa mkobani kopo la mifuniko mikuukuu, akatafuta wenye shingo ile ile na namba ile ile iliyopigwa juu, 0.9. Nilipouona wa 1.1 nikadhani ni bora zaidi. Alikataa, akisema rejeta ya zamani itapasuka palipo dhaifu. Akatia maji polepole, injini ikiwa inanguruma taratibu, akafunga. Hakutaka malipo, alitaka mfuniko wake urudi.

Jumapili alfajiri tulipanda Kanaba kutoka upande wa Kisoro, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma, mshale ukiwa katikati. Juu pale aliomba tusimame. Alilifunika jicho bovu kwa kiganja, akautazama Muhavura kwa lile zima, mpaka watoto wakaanza kulalamika baridi. Tulipofika Muko, Mzee alikuwa barabarani akitungoja. Alifungua boneti, akaubonyeza mpira wa juu, akaukuta mgumu, akatupungia mkono twende.