Sikio la Kulia

Kwa miaka zaidi ya 30 nilifanya kazi kwa sikio la kulia. Mkunga husifiwa mikono, lakini asubuhi niliyoripoti kazini mwaka 1980, katika hospitali ya misheni huku Njombe, metroni alinikabidhi fetoskopu ya mbao, kile kitarumbeta cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Akaniambia niinamishe kichwa, niachie mikono, ninyamaze. Mapigo 120 hadi 160 kwa dakika. Chini ya hapo, kimbia ukamwite daktari. Niliinama hivyo juu ya matumbo ya akina mama, na miaka ilivyokwenda nikainama juu ya matumbo ya binti zao.

Nilipokaribia miaka 55 sikio hilo likaanza kuvuma kama la mtu aliyemeza kwinini. Sikumwambia mtu. Nilihamia la kushoto, nalo likawa kama mtu anayelimia mkono asiouzoea: mara mbili nilihesabu pigo la mama nikidhani ni la mtoto. Sasa, 55 ndio umri ambao mtu anaruhusiwa kustaafu kwa hiari. Akifika 60 hana hiari. Kwa hiyo mwaka 2013 swali lilinijia na fomu yake kabisa.

Niliogopa kulijibu kwa sababu niliwahi kukosea.

Mwaka 1999 niliacha kazi. Miaka ile tulikuwa tunazika mno. Mama aliyejifungua mikononi mwangu mwezi Machi ningemkuta Novemba wodi ya wanawake, amebaki mifupa, na dawa ya kumpa hatuna. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Tuliandika kifua kikuu, tuliandika upungufu wa damu. Kisha nikakwaruzana na mkubwa mmoja juu ya zamu za usiku, nikaandika barua siku hiyohiyo. Jumapili nikasimama kanisani kushuhudia kwamba Bwana amenifungulia mlango. Mlango wenyewe ulikuwa kibanda cha vitenge Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya. Watu wakasema amina.

Vitenge viliuzika, sina la kulalamika. Ila kila usiku niliamka saa nane, saa ya kuzungukia wazazi wodini, nikakaa kitandani nasikiliza malori. Siku moja mwinjilisti mzee wa usharika wetu alipita kumnunulia mkewe kitambaa. Baada ya "Kamwene" na habari za nyumbani, akauliza: "Mwanangu, siku ile ulikuwa unakwenda, au ulikuwa unatoka?"

Nikajitetea kwa Maandiko, kama tufanyavyo tukibanwa. Nikamwambia Ibrahimu naye alitoka bila kujua aendako.

"Ni kweli," akasema, huku akipima kitambaa kwa mkono. "Lakini Ibrahimu hakuwa amekasirika."

Nilirudi wodini mwaka 2001, nikaomba radhi, nikapokea mshahara mdogo kuliko ule niliouacha. Nikawapo tulipoanza kuwapa wajawazito nevirapini, dawa ya kuwakinga watoto wao na virusi. Nikawapo kuanzia mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure. Wanawake niliokwisha kuwaaga moyoni walirudi kliniki wamenenepa, wakigombania foleni. Sijui kama kuna mahubiri yaliyowahi kunifurahisha kama ugomvi ule.

Basi mwaka 2013 sikutaka tena kumsemea Mungu. Niliomba ishara. Miezi mitatu nilifunga kila Jumatano. Wenzangu wa jumuiya walikuwa na majibu tayari: mmoja alisema Bwana ataliponya sikio, kuacha kazi ni kupungukiwa imani, mwingine alisema kiinua mgongo kitatosha kuezeka nyumba. Mimi nikaingia katika Biblia kuwatafuta wakunga. Wapo, Shifra na Pua, waliomzunguka Farao kwa maneno, na Mungu akawapa nyumba. Haisemi walistaafu lini.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya kupasua midomo, tulikuwa na mama wa uzazi wa kwanza. Niliinama, nikasikia uvumi wangu mwenyewe. Nikangoja. Kisha nikaandika 138 kwenye patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu. Sikuisikia 138. Mkono uliiandika kwa mazoea. Ni namba nzuri, haimshtui mtu.

Nusu saa baadaye alisikiliza muuguzi kijana niliyekuwa naye zamu. Akatazama karatasi, akanitazama, akainama tena. "Mama," akasema polepole, "mimi napata 92." Hakuongeza neno. Tulimlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, daktari akaamshwa, mtoto akatolewa kwa upasuaji, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Alilia. Mimi nikaenda stoo ya mashuka nikajifungia.

Shule ya Jumapili nilikuwa namwonea huruma Samweli, mtoto wa watu, kuitwaitwa usiku. Kule stoo nilimfikiria Eli: macho hayaoni, anaamshwa mara tatu na kijana, na bado ni yeye anayemwambia kijana ajibu nini. Kulipokucha nilimweleza daktari nilichoandika, na kwamba sikukisikia. Nikamwita yule muuguzi mbele yake nikasema ndiye aliyemwokoa mtoto. Kisha nikajaza fomu. Kabla ya kutia sahihi nilijichunguza kama kuna mtu ninayemkasirikia. Hakuwapo.

Nilitaka kumwachia binti yule fetoskopu yangu. Akashukuru, akasema anayo yake ya alumini. Ya kwangu ipo dirishani, wajukuu wanaipuliza kama tarumbeta. Msimu huu mpya ni wa nini hasa, bado sijaambiwa, napanda viazi. Kanisani nimehamia upande wa wanaume, ili sikio la kushoto lielekee mimbarani. Wazee walinung'unika Jumapili mbili, ya tatu wakanisogezea nafasi.